Jaa Lililo Mlangoni Petu

Hotuba iliyotolewa Mtongwe, Likoni, mbele ya waumini na wanaharakati waliokusanyika kuzungumzia vyoo, taka na utengenezaji wa mboji mitaani



Nimeambiwa nizungumze juu ya vyoo na taka. Baadhi yenu mmecheka, nami siwalaumu. Tumezoea kwamba mtu akisimama katika mkutano wa wanamageuzi atazungumzia katiba, uchaguzi na ufisadi. Mambo ya choo huachiwa bwana afya na akina mama. Nimekuja kuwaambia kwamba jaa lililo mlangoni petu nalo ni jambo la katiba, na kwamba watu wasioweza kulisimamia hawataweza kuisimamia hazina ya nchi. Nitawaambia pia jambo la pili, nalo si tamu: sisi wenyewe, tunaojiita wapenda haki, tukikabidhiwa lundo moja tu la taka tunaweza kulitawala vibaya. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

TULIPOTOKA

Mwezi wa Desemba 1991 Bunge lilikifuta kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, kifungu ambacho tangu 1982 kiliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Tarehe 29 Desemba 1992 tukapiga kura ya vyama vingi. Wazee kadhaa waliomo humu walipanga foleni siku ile, na wengine walikwisha kupigwa marungu kabla ya siku ile kufika. Tulidhani kwamba vyama vikiwa vingi, basi maji yatafika, taka zitazolewa, na mtoto wa Mtongwe atakwenda chooni bila ya kukanyaga uchafu wa mwenziwe. Vyama viliongezeka kweli, na majaa yakaongezeka pamoja navyo.

Kisha ikaja tarehe 29 Aprili 1994. Hapa Mtongwe hakuna haja ya mtu kusimuliwa. Kivuko cha MV Mtongwe kilizama, na watu 272 wakafa, wengi wao wakiwa safarini kwenda kutafuta riziki kisiwani. Chombo kilichokusudiwa kubeba watu 300 kilikuwa kimebeba zaidi ya hao. Sikusudii kutonesha donda la mtu yeyote. Nataka tulitazame neno moja tu: mnyonge huuawa kwa kupakiwa kupita kiasi. Kivuko kikibebeshwa kuliko uwezo wake, huzama mchana mbele ya macho ya watu, na nchi nzima ikalia. Choo cha shimo kikibebeshwa nyumba nzima ya wapangaji, vyumba 8 au 10, familia kwa familia, nacho huzama. Lakini huzama polepole, ndani ya ardhi, ndani ya kisima, ndani ya tumbo la mtoto, na hakuna redio itakayotangaza.

KWA NINI VYOO VYETU VIKO HIVI

Msiniambie kwamba watu wetu ni wachafu. Mswahili wa pwani huoga mara mbili kwa siku hata akiwa na kopo moja la maji. Ndugu zetu Waislamu hawawezi kusali bila ya kutawadha. Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Waisraeli waliokuwa vitani waliamriwa wawe na kijiti cha kuchimbia, wafukie uchafu wao nje ya kambi. Usafi haujakosekana katika dini zetu wala katika mila zetu. Sababu ziko kwingine.

Ya kwanza ni ardhi. Hapa pwani tuna jambo ambalo bara hawalielewi upesi, nalo ni nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine, akalipa kodi ya ardhi mwezi kwa mwezi, na pengine mwenye ardhi haishi hapa wala hajulikani sura. Je, mtu asiyejua kama mwakani ataruhusiwa kubaki atachimba shimo la futi 20, alijengee kuta za mawe, na kulifunika kwa zege? Atachimba fupi, ataziba kwa mabati, atangoje. Na yule mpangaji wa chumba kimoja ndani ya nyumba hiyo ana sababu ndogo zaidi, kwa maana yeye hana hata hiyo nyumba.

Ya pili ni njia. Choo kikijaa huitwa gari la kunyonya. Gari hilo halipiti katika vichochoro vyetu, na hata likipita, ada yake huwashinda wengi. Basi hutafutwa vijana wawili usiku, wakapewa ndoo na kamba, wakapakua kwa mikono bila ya glavu wala buti, na mzigo ukamwagwa pale penye giza. Asubuhi hakuna anayeuliza ulimwagwa wapi.

Ya tatu ni maji. Mchanga na mawe ya pwani hupitisha maji upesi. Mfereji ukikauka, watu hurudi visimani, na kisima cha nyumba hii ki hatua chache tu kutoka choo cha nyumba ile. Kipindupindu kikija hakibishi hodi. Tangu mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha huko London kwamba ugonjwa huo uliwaua watu wa mtaa mmoja kupitia pampu moja ya maji. Ni zaidi ya miaka 170 sasa. Hakuna serikali duniani iwezayo kusema kwamba haikujua.

TAKA ZIKITENGANISHWA NI MALI

Sasa niseme kuhusu lile tunaloliweza kwa mikono yetu.

Chukueni kapu la taka la nyumba yoyote ya Mtongwe, mlimwage chini. Mtaona maganda ya muhogo na ya ndizi, machicha ya nazi, maganda ya maembe, majani ya mchicha, mabaki ya ugali. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni vitu vya kuoza. Hivyo ndivyo vinavyonuka, ndivyo viletavyo nzi na panya, na ndivyo vinavyolifanya gari la taka kuwa zito. Ukiviondoa, kilichobaki ni kikavu: chupa, makopo, vyuma na plastiki ngumu, na wapo vijana wanaovinunua kwa kilo.

Pima pia safari ya taka zetu. Jaa la Kibarani, lililokaa kando ya bahari kwa miaka mingi, lilifungwa mwaka 2018, na taka za mji zikaelekezwa Mwakirunge, Kisauni. Gari likitoka huku kusini kwenda Mwakirunge sharti livuke maji kwa kivuko, au lizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Tunataka lichome mafuta njia nzima hiyo kwa ajili ya kubeba maganda ya muhogo, ambayo yangeweza kuwa udongo papa hapa?

Kuyageuza hakuhitaji mtambo. Tafuta mahali penye kivuli, mbali na kisima na mbali na jiko la jirani. Tandika vijiti ili hewa ipite chini. Weka tabaka la vitu vikavu, kama vile majani makavu, makuti yaliyochakaa yakiwa yamekatwakatwa, au vumbi la mbao kutoka kwa seremala. Juu yake weka tabaka la vitu vibichi vya jikoni, kisha samadi kidogo ya mbuzi au ya kuku, na udongo kidogo. Endelea hivyo mpaka lundo lifike mita 1 kwenda juu na mita 1 kwa upana, kwa sababu lundo dogo halishiki joto. Linyunyizie maji kiasi: ukiifinya taka mkononi iwe kama kitambaa kilichokamuliwa, si ya kuchuruzika wala ya kupukutika. Baada ya siku chache chomeka fimbo katikati. Ukiichomoa ikawa moto, basi lundo li hai. Joto la nyuzi 55 na zaidi, likikaa kwa siku kadhaa, huua vijidudu na mbegu za magugu. Geuza lundo kila juma, ili yaliyo nje yaingie ndani. Kwa miezi 2 au 3 utapata mboji nyeusi, isiyonuka ila ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa.

Usitie nyama, mifupa wala matumbo ya samaki, kwa maana huwaita panya na paka wa mtaa mzima. Usitie nepi. Tena usitie kinyesi cha binadamu katika lundo hili. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mbolea ni mbolea. Mayai ya minyoo ya tumbo hustahimili mengi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kilichokaushwa kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja katika nchi za joto kama yetu, kabla ya kugusa shamba. Kazi hiyo inawezekana, lakini ina utaratibu wake. Kule Mukuru, Nairobi, kampuni ya Sanergy imekuwa na vyoo ambavyo uchafu wake hukusanywa katika vyombo vilivyofungwa, ukapelekwa kuchakatwa kuwa mbolea. Kule Kibera, kituo cha Katwekera, kilichojengwa kwa msaada wa Umande Trust, hutoa gesi ya kupikia kutokana na vyoo vya watu wa mtaa. Tukitaka kufika huko tutafika, tukiwa na wataalamu. Tuanze na maganda.

Na asiyeamini kwamba kitu kilichokufa kinaweza kuzaa, na aende Bamburi. Hapo palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, mwamba mtupu usioota hata nyasi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Aina nyingi zilijaribiwa, chache zikasalia, na mti uliostahimili zaidi ulikuwa mvinje. Lakini majani ya mvinje yalianguka, yakalala, hayakuoza. Udongo haukupatikana mpaka walipoletwa majongoo, wakayala majani yale na kuyageuza mboji. Leo machimbo yale ni msitu. Jongoo, mdudu tunayemkanyaga, ndiye aliyelitengeneza shamba. Ndugu zangu, mnyonge asijidharau.

KOSA LETU WENYEWE

Nimefika mahali pagumu. Niliahidi kueleza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kikundi kimoja upande huu wa Likoni. Tulikuwa watu 14, wote wanaharakati. Tulijua kuandika barua za malalamiko, tulijua kupinga, tulijua kuimba. Tuliazima kiwanja kidogo, tukaanza kutengeneza mboji. Masika ikaingia. Tulikuwa na shauku kuliko maarifa, tukawa tunamwaga vitu vibichi juu ya vibichi, bila ya vikavu, na mvua inanyesha. Lundo likashiba maji, likakosa hewa, likaoza vibaya. Likanuka. Nzi wakajaa.

Jirani wa kiwanja kile alikuwa mama mmoja mpika mahamri. Nzi walipofika kwenye karai lake, wateja wakapungua. Akaja kwetu kwa adabu, akasema lundo linamwumiza. Tukamwambia avumilie kidogo. Akaja mara ya pili, tukamwambia kwamba mradi ni wa manufaa ya wote. Akaja mara ya tatu, na mmoja wetu akamjibu kwamba bila shaka ametumwa na maadui wa maendeleo. Aliyemjibu hivyo ni mimi.

Mama yule alinitazama kitambo, kisha akasema: “Mwanangu, hivyo ndivyo serikali inavyotujibu.” Akaenda zake.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi niliwaita wenzangu, tukaketi. Tulipoanza kujiuliza maswali, yakafuatana mengi. Fedha za magunia ya kwanza tuliyouza zilikuwa wapi? Mweka hazina alizikumbuka kichwani, daftari hakuwa nalo. Mwenyekiti alichaguliwa lini? Hakuchaguliwa, alianza tu, na sisi tukamzoea. Mkutano wa mwisho ambao jirani aliruhusiwa kusema ulikuwa lini? Haukuwahi kuwapo. Bwana Mwenyekiti, sisi tuliopigania vyama vingi tulikuwa tumejenga chama kimoja juu ya lundo la taka.

Tulikwenda kwa mama yule, tukaomba radhi. Hakutusamehe papo hapo. Alitupa masharti matatu: lundo lihamishwe mbali na jiko lake, ligeuzwe kila Jumamosi bila ya kukosa, na daftari la fedha lisomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi, mbele ya yeyote atakayekuja. Tukakubali. Tukahamisha kwa beleshi na mikokoteni siku mbili nzima, tukachanganya makuti makavu, na baada ya majuma kadhaa harufu ikaisha. Watatu kati yetu waliondoka kwa sababu ya lile sharti la daftari. Waliobaki walifanya kazi.

Nimewasimulia haya kwa sababu najua mnakusudia kuanza kikundi hapa. Msianze na beleshi. Anzeni na daftari, na uchaguzi, na kiti kimoja cha jirani asiye mwanachama. Lundo la mboji ni mwalimu mkali wa utawala: ukilificha hewa, litaoza. Na uongozi uliofichwa hewa nao huoza vivyo hivyo, uwe wa Nairobi au wa kichochoroni.

Tena kazi hii ina faida ambayo haipimwi kwa magunia. Mwezi wa Agosti 1997 Likoni iliwaka moto. Wapwani na wabara walioishi nyumba moja wakatenganishwa kwa panga, na kanisa Katoliki la Likoni likawahifadhi waliokimbia. Tulijifunza jinsi ilivyo rahisi kwa wanasiasa kuwasha moto kati ya majirani wasiokuwa na jambo la pamoja. Mjaluo, Mdigo, Mkamba na Mgiriama wanaogeuza lundo moja kila Jumamosi, na kusikiliza daftari moja kila mwezi, hawatauana kwa kuambiwa na mtu aliyekuja na gari usiku. Sisemi haiwezekani kabisa. Nasema itakuwa vigumu zaidi.

KAZI YETU NA KAZI YAO

Hapa pana hatari ambayo sharti niitaje. Tukifanya kazi vizuri, wakubwa watatusifu, watapiga picha nasi, kisha watasema: kumbe wananchi wanaweza wenyewe, basi hakuna haja ya gari la taka Mtongwe. La hasha! Kujitolea kwetu kusiwe kisingizio cha mwenye wajibu kuukimbia wajibu wake.

Mpaka kati ya kazi yetu na kazi yao uchorwe wazi. Mfano mzuri ni wa Karachi, nchini Pakistani. Mwaka 1980 mzee mmoja, Akhtar Hameed Khan, alikwenda katika mitaa ya walalahoi iitwayo Orangi, ambako maji machafu yalipita milangoni. Hakuwaahidi kitu. Aliwaambia watu wa kila kichochoro, nyumba 20 au 30, waketi, wamchague mmoja wao, wachange, wachimbe mtaro wa kichochoro chao wenyewe. Walifanya hivyo, kichochoro baada ya kichochoro. Lakini mtaro mkuu unaopokea maji ya vichochoro vyote, na mtambo wa kuyasafisha, hiyo ilitajwa waziwazi kuwa kazi ya serikali. Watu walimaliza sehemu yao, kisha wakasimama mbele ya serikali wakiwa na haki ya kuuliza: na sehemu yenu?

Nasi tuna pa kusimamia. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kuwa na makazi yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Kifungu cha 42 kinampa haki ya mazingira safi. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linazikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuzoa taka, na ya maji na usafi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe, za kuoza mbali na zisizooza, na inazitwika kaunti mzigo wa kuweka vituo vya kuzichakata. Tukitenganisha majumbani mwetu, halafu gari likaja kuzichanganya tena, anayevunja sheria si mama wa Mtongwe.

Ziko na tarehe, na tarehe ni silaha ya mnyonge anayejua kusoma kalenda. Kaunti sharti iwe na mpango wa maendeleo wa mwaka ifikapo tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha hupelekwa katika Bunge la Kaunti ifikapo tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika huko ifikapo tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mtu anayekwenda kulalamika mwezi wa Julai amefika harusini sahani zimeshaoshwa. Na mkitaka kujua fedha za taka za wadi yenu zimetumikaje, andikeni barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Afisa wa umma ana siku 21 za kujibu. Weka nakala, andika tarehe, hesabu siku.

Msiseme kwamba mnyonge hasikilizwi. Huko Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kilitia sumu katika damu ya watoto. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi humo, Phyllis Omido, alisimama pamoja na majirani. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Hawakulala. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu ile. Njia ilikuwa ndefu, na wapo waliozikwa kabla ya kufika mwisho wake. Lakini jina la mtaa wa maskini liliandikwa katika hukumu ya mahakama iliyo kuu kuliko zote nchini.

TUANZE WAPI

Sitaki mwondoke hapa na maneno matupu. Naomba mambo manne.

Kwanza, kila kichochoro kihesabu vyoo vyake: vingapi vipo, vinatumiwa na nyumba ngapi, vimejaa vingapi, na kisima kiko hatua ngapi kutoka choo. Hesabu hiyo iandikwe na watu wa kichochoro wenyewe. Mwenye hesabu mkononi hajibiwi kwa porojo.

Pili, kila nyumba iwe na vyombo viwili, cha kuoza na cha kisichooza. Ndoo kuukuu zatosha.

Tatu, kanisa hili lina uwanja, na msikiti wa jirani una uwanja. Nawaomba wazee wa pande zote mbili watoe pembe moja moja kwa ajili ya lundo. Mboji ya kwanza isiuzwe. Ipewe wajane na wazee wenye vibustani vya mchicha.

Nne, majira ya uchaguzi yakifika, atakuja mtu na mikokoteni 10 na fulana zenye sura yake. Mikokoteni ikiwa ni ya mtaa, iandikwe katika daftari, ipokewe mchana mbele ya wote, na asiahidiwe kura hata moja. Fulana mrudishieni. Akikataa kutoa mikokoteni bila ya fulana, basi mmejua alikuja kununua nini.

Bwana Mwenyekiti, namalizia. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana Yesu alisimulia habari za mtini uliokuwa shambani miaka mitatu bila ya kuzaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba hakubishana naye juu ya hali ya mti, kwa maana ni kweli haukuwa na matunda. Aliomba mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Mara nyingi nasikia vijana wakisema kwamba mageuzi haya hayakuzaa kitu, heri yakatwe, kwa kuwa vyama vimekuwa vingi na njaa ni ile ile. Siwezi kuwabisha juu ya matunda. Lakini nawauliza: ni nani kati yetu aliyeinama kuchimba pale kwenye mizizi? Tuliupanda mti ule mwaka 1991, kisha tukakaa kivulini kungoja.

Samadi haitoki Nairobi. Imo katika kapu lililo nyuma ya mlango wako. Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, nitakuwa hapa nje na beleshi langu. Atakayekuja aje na makuti makavu, na mmoja wenu aje na daftari.